Kushuka, kubaki au kuuza hadi mwakani: zamu yako ya drafti uifanyeje?

Drafti ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, huanza Alhamisi moja ya mwishoni mwa Aprili, saa mbili usiku kwa saa za New York. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, ndiyo maana kila mwaka wapo watu wachache Dar, Nairobi na Mombasa wanaofika kazini Ijumaa hiyo macho mekundu na hawasemi walikesha kwa nini. Simaanishi drafti ile ya vizibo vya soda barazani. Hii ni foleni. Timu 32 zinapangwa, iliyofanya vibaya zaidi mbele na bingwa nyuma kabisa, kila moja inachukua kijana mmoja kutoka vyuoni, kisha foleni inaanza upya hadi zitimie raundi saba.

Tofauti na foleni ya benki, hapa nafasi yako unaruhusiwa kuiuza. Aliye nyuma akimtamani mtu ambaye anaogopa utamchukua wewe, atakupa nafasi yake ya nyuma na nyongeza juu yake. Wewe unashuka, yeye anapanda, na mwisho wa usiku una watu wawili au watatu badala ya mmoja. Kwa maneno hayo inasikika kama fedha za bure. Ndiyo maana watu hukwama.

Nawaandikia hao waliokwama. Wengine mko kwenye ligi za fantasi za kudumu, yaani za timu za kubuni zinazopata pointi kwa wanachofanya wachezaji halisi uwanjani, zile ambazo wachezaji unabaki nao mwaka hadi mwaka na chipukizi mnawagawana kwa foleni hiihii. Wengine mnaendesha timu kwenye gemu. Wengine hamna timu yoyote, ila mna shemeji anayeshabikia Chicago na mabishano hayaishi. Mizani ni ileile. Nafasi kwenye foleni nitaiita zamu, na njia za aliyeshika zamu ya juu ni tatu: kubaki na kuchagua, kushuka hatua chache, au kushuka mbali na kulipwa kwa zamu za miaka ijayo. Kupanda nako kupo, lakini anayepanda ndiye huyo anayekupigia simu, na nitamfikia.

Vitu vinne vya kupimia

*Bei.* Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walikuwa wakinunua na kuuza zamu kama watu wa mnadani, hadi mmoja wa wamiliki wenza, Mike McCoy, akawatengenezea jedwali la pointi. Zamu ya 1 ni pointi 3,000. Ya 2 ni 2,600, ya 6 ni 1,600, ya 12 ni 1,200, ya 32 ni 590, na ya 100 ni pointi 100 tu. Yametoka majedwali mapya tangu hapo, mengi yakisema zamu za juu zilipewa bei kubwa mno, lakini hilo la Johnson bado ndilo ambalo watu huanzia nalo wakikaa kupatana.

Tazama linavyofanya kazi. Mwaka 2023 Detroit Lions walikuwa na zamu ya 6, na Arizona Cardinals waliokuwa kwenye ya 12 wakaitaka. Lions walitoa ya 6 na ya 81, wakapokea ya 12, ya 34 na ya 168. Upande wa Lions ni 1,600 na 185, jumla 1,785. Upande wa pili ni 1,200 na 560, jumla 1,760, na ile ya 168 inaziba pengo lililobaki. Hakuna aliyepunjwa.

Kuna utafiti ambao watetezi wa kushuka huupenda sana. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alipata Nobel ya uchumi mwaka 2017) walionyesha, katika makala iliyochapishwa 2013, kwamba timu huzilipia zamu za juu kupita kiasi. Ukimchukua mchezaji na yule aliyefuata kuchaguliwa katika nafasi yake ya uwanjani, uwezekano wa huyo wa kwanza kuwa bora ulizidi nusu kwa kidogo tu, karibu sawa na kurusha shilingi. Na ukiondoa mshahara, mchezaji wa mwisho wa raundi ya kwanza aliiachia timu yake faida kubwa kuliko wa kwanza kabisa.

Jambo wasilolitaja ni kwamba hesabu hiyo ilifanywa juu ya mishahara ya zamani. Mwaka 2010 Sam Bradford, zamu ya 1, alisaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78. Mwaka uliofuata ulikuja mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji, na Cam Newton, naye zamu ya 1, akasaini miaka minne kwa dola milioni 22. Zamu ya juu ikawa nafuu ghafla. Kwa hiyo hoja ya kushuka bado ina nguvu, lakini si zile za zamani.

*Majina.* Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chukua karatasi, andika wachezaji unaowataka kwa mpangilio, kisha piga mstari pale ambapo ukimkosa wa juu na kumpata wa chini utaumia. Walio juu ya mstari huo, kwako, ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Sasa hesabu. Ukishuka kutoka ya 6 hadi ya 10, watachukuliwa wanne kabla hujarudi mezani. Una majina matano juu ya mstari? Shuka ukalale, mmoja atakuwepo kwa vyovyote. Una mawili? Hapo hujashuka, umemuuza mtu wako.

Nalisema kwa uchungu. Katika ligi yetu ya fantasi, ndugu na marafiki kumi, mwaka mmoja nilikuwa na zamu ya 4 na binamu yangu akanipa ya 7 na ya 15. Karatasi yangu, ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, ilikuwa na majina mawili juu ya mstari. Nikaangalia pointi, nikaona nimepata, nikakubali kabla hajabadili mawazo. Ya 4 akachukua jina langu la kwanza. Ya 5 ikaenda kwa mtu asiyenihusu, nikaanza kuchekelea. Ya 6 likaenda jina la pili. Zamu yangu ilipofika niliutazama ule mstari wa kalamu nyekundu kwa dakika nzima, halafu nikachagua jina lililo chini yake. Ya 15 nilimchukua mpokeaji, mtu wa kudaka mipira, ambaye Septemba ilimkuta ameshaachwa na timu. Binamu hadi leo akinipigia simu hasemi "habari za asubuhi". Anasema "habari za saba".

*Kikosi.* Timu ya NFL huanza msimu na wachezaji 53. Chipukizi kumi na wawili ni kitu kizuri kwa timu yenye mashimo kila mahali, na ni usumbufu kwa timu iliyojaa, maana nusu yao watakatwa Agosti na kuokotwa na majirani. Kwenye fantasi ni vilevile: benchi lako lina viti vingapi?

*Muda.* Utahukumiwa lini? Kocha anayeambiwa ashinde msimu huu au aondoke hana haja na zamu ya mwaka kesho kutwa. Nalo hili halimo kwenye jedwali la pointi.

Kubaki na kuchagua

Bei ya kubaki ni ile nyongeza unayoikataa, basi. Unachopata ni uhakika, na mshahara unaojulikana mapema: mkataba wa miaka minne uliopangwa kulingana na zamu, na kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Haki hiyo ndiyo inayofanya zamu ya 32 na ya 33 zitofautiane kuliko namba zinavyoonyesha.

Kwa majina, kubaki kunang'aa pale ambapo juu ya mstari wako yuko mmoja. Mwaka 2021 Cincinnati Bengals walikuwa na zamu ya 5 na mashabiki wao walikuwa wamegawanyika vipande viwili. Kwotabeki wao, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Joe Burrow, alikuwa ameumia goti vibaya msimu uliotangulia, kwa hiyo upande mmoja ulitaka Penei Sewell, pandikizi la mtu wa kumkinga. Upande mwingine ulimtaka Ja'Marr Chase, mpokeaji aliyecheza na Burrow chuoni LSU. Wangeweza kujiambia: tunashuka hatua mbili, tutapata mmoja wa hao wawili na zawadi juu. Hawakufanya hivyo. Walimchukua Chase, akamaliza msimu wake wa kwanza na yadi 1,455, na Februari 2022 Bengals wakawa uwanjani kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Walifungwa na Rams 23 kwa 20, lakini walikuwepo. Sewell aliteremka hadi ya 7 kwa Lions na akawa mmoja wa wakingaji bora kwenye ligi, kwa hiyo waliomtaka Sewell nao hawakuwa wajinga. Bengals walikuwa na jina moja juu ya mstari, wakaliheshimu.

Drafti ileile, zamu tatu mbele, New York Jets nao walibaki. Zamu ya 2, kwotabeki Zach Wilson. Miaka mitatu baadaye walimpeleka Denver kwa bei ya kutupa. Ubaya wa kubaki ni huo: mayai yote kapu moja, na kapu lenyewe lina umri wa miaka 21.

Kwa kikosi na muda, kubaki kunamfaa mwenye shimo moja kubwa na mwenye haraka. Kunamfaa pia asiye na kwotabeki ambaye kwotabeki anayemwamini yuko mbele yake. Sijaona hesabu ya pointi inayoponya timu isiyo na mtu wa kurusha mpira.

Kushuka hatua chache

Hapa nashuka kati ya hatua moja na labda nane, ndani ya raundi ileile, na malipo yote ni ya usiku huohuo au wa kesho yake. Hakuna cha mwakani.

Lions wale wa 2023 ndio mfano wangu wa kufundishia. Kwenye zamu ya 12 walimchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs, na wachambuzi wengi wakawacheka kwamba mkimbiaji hachukuliwi mapema hivyo. Kwenye ya 34 wakamchukua Sam LaPorta, taiti endi, yule anayekinga na kupokea. LaPorta alidaka mipira 86 msimu huo, rekodi ya wakati huo kwa chipukizi wa nafasi yake, na Lions wakafika nusu fainali ya ligi, wakaachwa na 49ers kwa pointi tatu. Zingatia kitu kimoja: Lions walikuwa na zamu nyingine ya raundi ya kwanza, ya 18. Timu yenye zamu nyingi inaweza kucheza. Mwenye moja tu anatetemeka.

Kwa miaka mingi bingwa wa mtindo huu alikuwa Bill Belichick, kocha wa New England Patriots. Mwaka 2010 alikuwa na zamu ya 22. Akashuka hadi ya 24, akapewa nyongeza. Akashuka tena hadi ya 27, nyongeza nyingine. Huko akamchukua beki Devin McCourty, aliyekaa Patriots misimu 13 na kutwaa Super Bowl tatu. Njiani aliwapitisha wapokeaji wawili: Demaryius Thomas akaenda Denver kwenye ya 22, Dez Bryant akaenda Dallas kwenye ya 24, na wote wakawa nyota. Je, alikosea? Hakuwa na majina hayo juu ya mstari wake. Alikuwa na McCourty.

Mtu yuleyule, mwaka 2022, alishuka kutoka ya 21 hadi ya 29 kwa nyongeza ya ya 94 na ya 121. Kansas City Chiefs walipanda hadi hapo wakamchukua beki Trent McDuffie, ambaye ndani ya miaka miwili alikuwa na vikombe viwili vya Super Bowl. Patriots kwenye ya 29 walimchukua Cole Strange, mkingaji wa kawaida. Hatua nane ni umbali mkubwa kuliko unavyosikika. Hapo katikati mstari ulivukwa.

Kwenye bei, hatua chache ndiyo biashara safi kuliko zote, kwa sababu jedwali linajua kupima zamu za leo. Kuna wakati mnunuzi anapoteza akili kabisa: mwaka 2017 Chicago Bears walitoa zamu tatu za ziada, mbili za mwaka ule na moja ya mwaka uliofuata, ili wapande hatua moja tu kutoka ya 3 hadi ya 2 wamchukue kwotabeki Mitchell Trubisky. San Francisco 49ers walishuka hatua moja wakachukua Solomon Thomas, na Thomas naye hakuwa chochote. Walipunjana vizuri, kila mmoja kwa jicho lake baya. Kushuka hakufundishi mtu kuchagua.

Muda si tatizo hapa, maana chipukizi wote wanaingia kazini mwaka huuhuu. Inamfaa mwenye mashimo mawili au matatu na karatasi yenye majina mengi yanayofanana.

Kushuka mbali, kulipwa mwakani

Hapa ndipo hadithi kubwa zilipo, nzuri na mbaya, na ndipo nitakapokaa.

Mnaijua methali: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kwenye foleni hii watu wameigeuza kuwa kanuni. Kwa desturi, zamu ya raundi ya kwanza ya mwakani huhesabiwa kama ya raundi ya pili ya leo, kwa sababu ya kungoja. Basi kwenye karatasi unapunjwa daima. Faida yake imefichwa kwingine: hujui itakuwa zamu ya ngapi. Unanunua bahati mbaya ya timu nyingine.

Bahati hiyo imewahi kulipa mno. Machi 2023 Bears walikuwa na zamu ya 1. Carolina Panthers wakaitaka, wakatoa ya 9, ya 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao mzuri DJ Moore. Panthers wakamchukua kwotabeki Bryce Young, wakamaliza msimu na ushindi wa mechi 2 kati ya 17, wa mwisho kwenye ligi nzima. Ile zamu yao ya 2024 ikawa ya 1. Bears waliuza zamu ya kwanza, wakalipwa kwa zamu ya kwanza, wakamchukua Caleb Williams. Shemeji yako wa Chicago atakuambia ni akili. Mwambie nusu yake ni Carolina.

Sasa linganisha. Mwaka 2021 Miami Dolphins waliuza zamu ya 3 kwa 49ers, wakapata ya 12, raundi ya kwanza za 2022 na 2023, na raundi ya tatu. Bei nono. 49ers walimchukua kwotabeki Trey Lance, akaanza mechi nne tu kabla ya kupelekwa Dallas. Kwa mantiki ya Bears, Dolphins walipaswa kuvuna. Lakini 49ers walikuwa na timu nzuri, na mwaka 2022 wakaokota kwotabeki Brock Purdy kwenye zamu ya 262, ya mwisho kabisa. Wakaendelea kushinda, na zile zamu mbili zilipofika kila moja ilikuwa ya 29. Mteja alikosea kununua na bado muuzaji hakupata kitu kikubwa. Dolphins waliokolewa na kuzitumia kama fedha: moja ilikwenda katika malipo ya kumpata Tyreek Hill, nyingine ya Bradley Chubb. Hizo zamu si lazima uzichague mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye bei, usiangalie zamu unayopewa, angalia anayekupa. Timu mbovu inayopanda kwa ajili ya kwotabeki mchanga: chukua zamu zake za mwakani zote anazokubali kutoa. Timu nzuri: dai zamu za leo.

Majina huku nyuma hayana kazi kubwa, kwa sababu hujui hata utakuwa unachagua nani. Swali linakuwa je, wewe ni mchaguzi mzuri kwa ujumla? Mwaka 2011 Cleveland Browns walishuka kutoka ya 6 hadi ya 27 na kupata zamu tano kutoka Atlanta Falcons: ya 27, ya 59, ya 124, na mbili za 2012. Falcons wakamchukua Julio Jones, mmoja wa wapokeaji bora wa kizazi chake. Browns, baada ya biashara nyingine ndogo ya kupanda, wakapata Phil Taylor, Greg Little, Owen Marecic, na mwaka uliofuata Brandon Weeden, kwotabeki chipukizi wa miaka 28. Hakuna hata mmoja aliyedumu. Ukimpa mkulima mbaya mashamba matano badala ya moja, ana magugu mara tano.

Mwaka 2012 St. Louis Rams waliuza zamu ya 2 kwa Washington, waliomtaka Robert Griffin III. Walipata ya 6, ya 39, na raundi ya kwanza za miaka miwili iliyofuata. Griffin alikuwa chipukizi bora wa ushambuliaji mwaka ule, kisha goti likamharibia. Desemba 2014 timu hizo zilikutana Washington, na kocha wa Rams Jeff Fisher akawatuma kwenye kurusha sarafu, kama manahodha, wachezaji sita waliopatikana kutokana na zamu za biashara ile. Wakatembea hadi katikati ya uwanja mbele ya mashabiki wa Washington. Rams walishinda 24 kwa 0. Ni kejeli tamu kuliko zote nilizoona kwenye mchezo huu, ila Rams wale hawakumaliza msimu hata mmoja wakiwa wameshinda zaidi ya walivyoshindwa. Walikuwa na kila kitu isipokuwa kwotabeki. Mwaka 2016 wao ndio waliopanda, kutoka ya 15 hadi ya 1, wakamchukua Jared Goff, na Februari 2019 wakacheza Super Bowl. Tennessee Titans walioshuka siku ile hawana la kulalamika: moja ya zamu walizopata, ya 45, ndiyo waliyomchukulia Derrick Henry, aliyekimbia yadi 2,027 mwaka 2020.

Kikosi: njia hii ni ya timu inayobomolewa ijengwe upya. Muda: na hapa ndipo panapouma. Browns wa 2016 waliuza zamu ya 2 kwa Philadelphia Eagles, wakashuka tena na tena, wakachagua watu 14 katika drafti moja na kujaza ghala la zamu za mbele. Matokeo uwanjani yalikuwa ushindi mmoja mwaka 2016 na sifuri mwaka 2017, mechi 16 zote zimepotea. Sashi Brown, aliyekuwa akizikusanya zamu zile, alifukuzwa Desemba 2017. Zamu moja aliyoipata kwa kushuka ikaja kuwa ya 4 mwaka 2018, beki Denzel Ward, na mwaka 2020 Browns wakarudi kwenye mtoano na kushinda. Aliyepanda mbegu alikuwa keshahama.

Huyo anayekupigia simu

Mara nyingi anataka kwotabeki, na hofu yake ni kubwa kuliko yako. Anaweza kuwa sahihi. Mwaka 2017 Buffalo Bills walishuka kutoka ya 10 hadi ya 27 wakapata ya 91 na raundi ya kwanza ya 2018. Chiefs wakapanda wakamchukua Patrick Mahomes. Hilo ndilo jinamizi la kila anayeshuka. Hata hivyo Bills walipata beki mzuri, Tre'Davious White, na mwaka uliofuata wao wenyewe wakapanda kutoka ya 12 hadi ya 7 kumchukua Josh Allen. Bei ya hofu ya mtu haimo kwenye jedwali, kwa hiyo ofa ya kwanza usiikubali kamwe. Mimi niliikubali, na habari za saba mnazijua.

Kulingana na hali yako

Kama huna kwotabeki na yupo mmoja unayemwamini kwenye zamu yako, baki. Usihesabu chochote. Kama yupo lakini humwamini, huyo si wako, msikilize anayepiga simu.

Kama kikosi chako kiko karibu kukamilika na kimebakiza shimo moja, baki au shuka hatua mbili tatu ukiwa umehesabu majina. Zamu za raundi ya tano hazitakuongezea kitu, na kwenye fantasi zitakulazimisha kukata mtu unayemtaka.

Kama una mashimo manne na karatasi yako ina majina sita yaliyo sawa, shuka hatua chache, na malipo yawe ndani ya zamu 100 za mwanzo. Nyongeza za chini ya hapo ni shukurani tu.

Kama timu yako ni ya kubomoa, na wenye timu (au wenzako kwenye ligi) wanajua hivyo na wamekubali kungoja, shuka mbali na chukua zamu za mwakani za timu unayoamini itafanya vibaya. Kwenye ligi za fantasi zamu hizo hupanda thamani drafti ikikaribia, kwa hiyo aliyenunua Oktoba anaweza kuuza Aprili bila kuchagua mtu. Lakini kama umeahidi ushindi msimu huu, zamu hizo unamnunulia atakayekurithi.

Kama uko mwisho wa raundi ya kwanza, kumbuka ule mwaka wa tano wa mkataba: kuna timu ya raundi ya pili inayoutamani kwa ajili ya kwotabeki. Mwaka 2018 Eagles waliuza zamu ya 32 kwa Baltimore Ravens, wakapata ya 52 na raundi ya pili ya mwaka uliofuata kati ya malipo. Ravens wakamchukua Lamar Jackson.

Na kama mnapatana bado na saa inayoyoma, weka jina tayari. Mwaka 2003 Minnesota Vikings walikuwa na zamu ya 7 na walikuwa wakiiuza kwa Ravens. Dakika 15 za kuchagua zikaisha kabla biashara haijathibitishwa. Jacksonville wakaruka mbele yao, kisha Carolina, na Vikings wakajikuta kwenye ya 9, wameshuka hatua mbili bila kulipwa hata senti. Walimchukua Kevin Williams, mtu wa mstari wa ulinzi, wakasema ndiye waliyemtaka tangu mwanzo. Williams alitajwa mara tano katika kikosi bora cha ligi nzima.